Mji wa jangwani Nevada "uliopata uhuru" 1960, hii imekaaje wakuu?

Dereva_wa_Mojave

Wakuu habari za jioni. Mimi naendesha trela huku Marekani, njia yangu kubwa ni Phoenix kwenda Las Vegas. Sasa juzi badala ya kupitiliza na ile barabara mpya ya I-11 nikasema ngoja nishuke Boulder City nile maana tumbo lilikuwa linanguruma kuliko injini, nikaegesha huko mbali nikaingia mjini kwa mguu.

Jamani. Nevada mimi naijua, ukienda kujaza mafuta mashine za kamari zipo, ukienda supamaketi kununua mkate zipo, hata uwanja wa ndege hujachukua begi lako tayari zinakulilia. Pale hakuna hata moja. Kuna miti, kuna majani ya kijani, vinyumba vya chini chini vimepangwa mstari, wazee wanatembeza mbwa, mitaa imepewa majina ya majimbo, Arizona, Utah, Wyoming, mingine herufi tu A, B, C. Yani uko katikati ya jangwa limekauka kama mfupa alafu ghafla unaona kitongoji kimetulia kama Oysterbay Jumapili asubuhi.

Nikamuuliza yule mama anayehudumia mezani mbona hapa hakuna kasino, akanijibu hata hatutaki, tangu tupate uhuru wetu 1960 tumekataa. Uhuru? Nikamuuliza kutoka kwa nani, akacheka akasema kutoka serikalini, akaondoka na sahani zake.

Sasa wakuu mimi historia niliishia ya darasani. Kongo 1960, Tanganyika 1961, sawa. Hawa walikuwa wanatawaliwa na nani? Mji wa Marekani unapataje uhuru kutoka Marekani? Au nilitaniwa?

---

chatu_wa_mtera

Walikuwa wanatawaliwa na wazungu 😂😂

---

MzeeWaRamani

Dereva hukutaniwa. Mimi nilisomea mipango miji zamani na huu mji tulipewa darasani kama mfano, sasa nitaandika kirefu mnivumilie, mwenye haraka apite.

Anza na mto. Mto Colorado ulikuwa ukijaa unabeba mashamba ya watu kule California, ukipungua hakuna maji, kwa hiyo Desemba 1928 Rais Coolidge akasaini sheria lijengwe bwawa kubwa kwenye korongo mpakani mwa Nevada na Arizona. Ndo hilo mnaloliita Hoover Dam. Shida ni kwamba wafanyakazi maelfu watalala wapi? Las Vegas wakati huo ilikuwa kamji ka reli, watu elfu tano na ushee, ila ilishakuwa na sifa zake, pombe ya magendo na madanguro, na mwaka 1931 jimbo likahalalisha na kamari juu yake. Wakubwa wa Washington wakaona tukiwalaza watu pale Jumatatu hatupati mtu kazini. Wakaamua wajenge mji wao wenyewe kwenye ardhi ya serikali kuu, kama kilomita 40 kutoka Vegas na kama 12 kutoka bwawani, wakapanda juu kidogo mpaka mita 760 hivi kutoka usawa wa bahari maana kule chini korongoni ni tanuri la mkate.

Mchoro akapewa Saco DeBoer, mzaliwa wa Uholanzi aliyekuwa anafanya kazi Denver. Akachora mji kama upepeo umefunguliwa, kwenye kishikio kule juu ya kilima ndo jengo la Bureau of Reclamation, ile idara ya serikali kuu inayojenga mabwawa, alafu barabara zinatawanyika kushuka chini. Ofisi ya bosi iko kilimani inamtazama kila mtu, hiyo sio bahati mbaya hata kidogo. Serikali ikakata mapambo mengi kwa ajili ya gharama lakini umbo likabaki mpaka leo, fungua ramani utaliona. Na hayo majina ya mitaa uliyoyaona ni majimbo saba yanayogawana maji ya mto Colorado.

Nyumba za wahandisi wa serikali zikajengwa za tofali, karibu na bustani. Za wafanyakazi wa kampuni zikapigwa za mbao, haraka haraka, zilitakiwa zidumu mpaka bwawa liishe basi. Dereva vile vinyumba vya chini chini ulivyoviona vingi ni vile vya muda, vina miaka 90 sasa.

Ila watu walifika kabla ya mji kuwa tayari, na hapa ndo penye uchungu. Ni 1931, uchumi wa dunia umeanguka, watu wanakuja na wake na watoto bila hata kuitwa, wanapiga kambi kando ya mto kwa maturubai na maboksi, wenyewe wakapaita Ragtown, tuseme Mji wa Matambara. Julai ile joto lilikuwa linafika nyuzi 48, watu zaidi ya kumi walikufa kwa joto tu, bado hujahesabu miamba na baruti. Agosti wakagoma. Mkandarasi alikuwa Six Companies, makampuni yaliyoungana yakachukua tenda kwa karibu dola milioni 49, na msimamizi wake Frank Crowe hakukubali dai hata moja. Mgomo ukafa kama ndani ya wiki. Lakini kilichofuata ni viwili, ujenzi wa nyumba ukaanza kukimbizwa, na barabara ya kuingilia eneo la mradi ikawekwa geti na askari. Bila pasi huingii.

Nakwenda swala, nitarudi na habari za mtu anaitwa Sims Ely.

---

kijana_wa_Nakuru

Mzee nimesoma yote na heshima zako lakini mimi naona mnaipamba hii story. Si ni mji ulipewa charter tu, ile hati ya kujitawala? Sisi Nakuru tulipewa charter ya jiji Desemba 2021, kukapigwa parade, kesho yake mashimo barabarani yako palepale na hakuna mtu aliita hiyo uhuru. Wamarekani wanapenda maneno makubwa.

---

MzeeWaRamani

Kijana swali lako ni zuri, subiri nimalize ndo utaona tofauti. Wewe Nakuru kabla ya 2021 ulikuwa unapiga kura? Baba yako alikuwa na haki ya kumiliki plot? Basi.

Boulder City ilikuwa chini ya meneja wa mji, Sims Ely, aliyewekwa na serikali kuu 1931 akakaa mpaka 1941. Hakuna meya, hakuna diwani, hakuna uchaguzi wa mji. Yeye ndo meneja na yeye huyohuyo ndo hakimu. Anaamua nani afungue duka na maduka mangapi ya aina hiyo yanatosha. Ugomvi wa mke na mume unafika kwake. Ukikutwa na chupa ya pombe kali unatolewa nje ya geti, na ukishatolewa nje ya geti kazi ya bwawa nayo imekwenda, maana unalala wapi? Pombe, kamari, umalaya, vyote marufuku. Nchi nzima iliruhusu pombe tena 1933, pale pombe kali ikaendelea kukatazwa.

Nyumba sio yako. Ardhi sio yako, ni ya serikali kuu, wewe una kibali tu. Kijana asiye na mke analala bwenini, kitanda na chakula wanamkata dola 1.60 kwa siku kwenye mshahara ambao kwa kibarua wa chini ulikuwa dola 4. Chakula ilikuwa kizuri lakini, hilo wote waliokuwepo walikiri, ukumbi mmoja wa kulia unalisha watu zaidi ya elfu kwa mpigo. Mwanzoni kampuni ilikuwa inalipa sehemu ya mshahara kwa sarafu zake yenyewe zinazokubalika kwenye duka lake yenyewe, hela inatoka mfuko wa kushoto inaingia wa kulia, mpaka 1933 waziri Harold Ickes alipoamuru watu walipwe pesa taslimu.

Kwa hiyo ndugu yangu wa Nakuru, hawa walikuwa raia wa Marekani, bunge la Washington wanalipigia kura, lakini taa ya mtaani kwao ikizima wa kumlalamikia ni ofisa aliyeajiriwa ambaye hawana uwezo wa kumtoa. Mwadui, ule mgodi wa almasi wa enzi za Williamson, wenye umri wangu wanaikumbuka, geti, hospitali nzuri, nyumba nzuri, na ukistaafu unakabidhi funguo. Huku mwenye mali ni serikali tu.

---

Mama Zuhura

Salaam wanangu. Mimi nakaa Henderson hapo jirani tangu 1998, kazi yangu kulea wazee majumbani kwao, na wateja wangu wengi wamekuwa wa Boulder City. Ngoja niseme nilichokiona mimi.

Kuna bibi mmoja, Mungu amrehemu, alizaliwa palepale, baba yake alikuwa mtu wa mitambo bwawani. Alikuwa ananiambia baba yake alikaa kwenye ile nyumba miaka zaidi ya ishirini, kila mwaka mama anamwambia tupande mti wa matunda uani, baba anasema nipande mti kwenye nyumba ya mtu? Alipokuja kununua ile nyumba, wiki hiyohiyo akapanda. Bibi alikuwa akisimulia hapo lazima akuoneshe ule mti dirishani. Mimi kila nikisikia uhuru wa Boulder City nauona ule mti.

Na hayo majani ya kijani aliyoyasema Dereva yana historia. Serikali iliajiri mtu wa bustani kabisa tangu mwanzo, akapanda maelfu ya miti na vichaka na nyasi ili kukata vumbi na kupooza watu roho. Jina lake Wilbur Weed. Weed kwa Kiswahili ni magugu 😂 yani bwana Magugu ndo kaleta bustani jangwani. Maji yalivutwa kutoka mtoni kwa pampu, yanapandishwa zaidi ya mita 500 kuja juu, na kwanza yatulizwe yachujwe maana Colorado ya enzi hizo ilikuwa tope tupu, ukichota ndoo unapata nusu mchanga.

Sasa kuhusu kamari, wanangu msidhani watu walikuwa malaika. Railroad Pass, ile kasino mnaiona njiani mkitoka Vegas, ilifunguliwa 1931 hiyohiyo, laisensi yake ni namba 4 ya jimbo lote la Nevada. Mnajua kwa nini iko pale? Kwa sababu ni nje tu ya geti. Mshahara ukitoka mtu anavuka, anaacha hela yake pale, anarudi ndani kulala kwa adabu.

---

Dereva_wa_Mojave

Shikamoo mama. Kwa hiyo ile Railroad Pass ninayoegeshaga pale ndo ilikuwa glosari ya nje ya geti la kambi? Nimecheka peke yangu barabarani (nimeegesha lakini, sisomi naendesha).

Mzee wa ramani endelea, uhuru wenyewe ulikujaje? Walichapana?

---

Mama Zuhura

Marahaba mwanangu. Kula vizuri, hizo soseji za vituo vya mafuta zitakuua.

---

MzeeWaRamani

Hawakuchapana, na ndo maana napenda huu mfano. Ni uhuru ambao mtawala ndo alikuwa anausukuma na wananchi wengi wanauogopa.

Bwawa liliisha miaka miwili kabla ya muda. Rais Roosevelt alikuja kulizindua Septemba 1935, mwaka uliofuata Six Companies wakakabidhi kazi. Mji ulitakiwa ufe hapo. Watu wengi wakaondoka, baadhi ya nyumba za mbao ziking'olewa na kupelekwa kwingine. Lakini haukufa, kwa sababu mitambo ya umeme inahitaji watu, na nyuma ya bwawa likatokea ziwa Mead, watalii wakaanza kuja, idara ya hifadhi za taifa ikaweka ofisi palepale, Bureau nayo ikaleta ofisi ya kanda, vita vikaja wakaletwa wanajeshi kulinda bwawa. Watu wakazaa, watoto wakaenda shule, wakaoa. Kambi ikawa nyumbani.

Sasa Bureau of Reclamation kazi yake ni mabwawa. Unajikuta mhandisi wa mitambo unashughulikia mbwa wanaobweka usiku na paa la nani linavuja na takataka za nani hazijazolewa. Baadaye wakamleta profesa wa chuo kikuu kutoka California achunguze mji utaachiwaje ujitegemee. Wananchi wakagawanyika. Wengine wanasema tunataka nyumba zetu, tunataka kura. Wengine wanasema ngoja kwanza, kodi ya nyumba nafuu, umeme nafuu, maji serikali inagharimia, sasa tukiwa huru nani analipa? Mji hauna viwanda, hauna mashamba, hauna kasino, utakula nini? Mimi siwalaumu hawa wa pili, hesabu yao ilikuwa sahihi kabisa.

Kwa hiyo mazungumzo yakavutana miaka. Sheria ya Boulder City ikapita Septemba 1958. Serikali kuu ikasema itakabidhi barabara, mfumo wa maji, mfumo wa umeme wa mji, na ardhi kama maili za mraba 33. Nyumba zikauzwa, waliokuwa wanaishi ndani wakapewa nafasi ya kwanza, hapo ndo baba yake yule bibi wa Mama Zuhura alipopandia mti wake. 1959 wananchi wakapigia kura katiba ya mji wao, na tarehe 4 Januari 1960 mji ukakabidhiwa. Umri miaka 29. Ni kama kijana ambaye baba amempangia chumba akamlipia miezi ya kwanza akamwambia sasa nenda, na kijana bado amesimama mlangoni na begi.

Alafu sasa sikia hii. Wameshakuwa huru, hawana Sims Ely, hawana geti, wako Nevada ambako kamari ndo inalipia kila kitu. Wao wenyewe kwenye katiba yao wakaandika kamari marufuku. Pombe kali nayo waliiruhusu kuuzwa 1969 tu, miaka 9 baada ya uhuru. Yule mtawala waliyekuwa wanamnung'unikia, amri zake walizishika.

---

chatu_wa_mtera

Yani kijana kahama kwa baba, kafika ghetto kwake kaweka sheria ya kurudi saa mbili usiku 💀

---

kijana_wa_Nakuru

Haya nimekubali ni tofauti na Nakuru. Lakini kuna kitu kinanisumbua na hakuna mtu amekisema hapa. Hilo geti lilikuwa linafungulia watu gani? Marekani ya 1931 najua ilikuwa aje. Watu weusi walikuwa wapi kwa hii story yenu ya nyasi na miti?

---

Dereva_wa_Mojave

Swali la maana hilo. Mimi mwenyewe pale nilikuwa nahesabu weusi, nilijihesabu mimi.

---

MzeeWaRamani

Kijana hapo umenikamata, nilitakiwa niseme mapema.

Weusi hawakuruhusiwa kuishi Boulder City. Mwanzoni hata kazi hawakupewa, wakalalamika, vyama vyao vya Las Vegas vikapeleka malalamiko mpaka Washington, 1932 ndo wakaanza kuajiriwa wachache. Wachache kweli, wakati mwaka 1934 kuna watu zaidi ya 5,000 kazini, weusi hawakufika hata hamsini. Na hao wachache walikuwa wanatoka Las Vegas upande wa magharibi, ule mtaa wa weusi, wanasafirishwa asubuhi wanapita kando ya hizo nyumba wanakwenda korongoni, jioni wanarudishwa. Kilomita hamsini kwenda, hamsini kurudi, baada ya kupiga sururu kwenye joto lile. Wachina ndo kabisa, mkataba wenyewe uliandika wasiajiriwe.

Na huu ni mji wa serikali kuu, sio wa mtu binafsi.

---

Mama Zuhura

Ni kweli. Mimi nilipoanza kwenda pale kazini miaka ile watu walikuwa wananiangalia, sio kwa ubaya, ni kama wanajiuliza umepotea? Siku hizi afadhali. Wateja wangu wamenitendea vizuri sina la kusema, lakini mchanganyiko bado ni mdogo ukilinganisha na Henderson au Vegas.

---

fundi_sola_LV

Nachangia kidogo kwenye ile hoja ya mji utakula nini, maana mimi ndo nakula hapo hapo 😄

Nimefanya kazi ya kufunga paneli kwenye bonde la Eldorado kusini ya mji. 1995 Boulder City walinunua lile bonde, zaidi ya ekari laki moja, kipindi hicho watu waliona wazimu, jangwa la nini? Sehemu kubwa wakaifunga kwa ajili ya kobe wa jangwani ambao wanalindwa kisheria, tukiwa saiti tulikuwa na mtu kazi yake ni kuangalia kobe, ukimkuta chini ya gari huwashi injini mpaka aondoke mwenyewe au aje mtaalamu. Nimeshakaa saa nzima nasubiri kobe.

Sehemu nyingine wanakodisha kwa makampuni ya umeme wa jua. Nevada Solar One ilianza 2007, megawati 64, ile ya vioo virefu vinavyochemsha mafuta, alafu Copper Mountain ikaanza 2010 na ikawa inaongezwa awamu kwa awamu. Mji unapokea kodi ya pango ya ardhi, mamilioni ya dola kila mwaka, kwa watu elfu kumi na tano tu. Hesabu hiyo! Kwa eneo ni mkubwa kuliko Las Vegas yenyewe, kilomita za mraba zaidi ya 500. Kwa hiyo wale wazee wa 1958 waliosema mji hauna kitu cha kula, jua lilikuwa juu ya vichwa vyao linawachoma.

---

MzeeWaRamani

Fundi asante, sehemu hiyo nilikuwa siijui vizuri. Na ongezea hili, ardhi ya mji ikizidi ekari moja haiuzwi mpaka wananchi wapige kura. Baraza peke yake haliwezi. Sisi tuliofanya kazi halmashauri tunajua ekari ngapi zinaondoka kwa sahihi ya watu watatu.

---

kijana_wa_Nakuru

Sawa lakini angalieni upande wa pili pia. Nimeenda kusoma kidogo. 1979 walipitisha sheria, nyumba mpya haziruhusiwi kuzidi 120 kwa mwaka, na mjenzi mmoja asizidi 30. Wakati Vegas hapo kando inapanuka kama unga wa mandazi. Sasa ukizuia nyumba bei inapanda, bei ikipanda nani anaingia? Sims Ely alikuwa na askari na pasi, hawa wako na kanuni ya vibali vya ujenzi. Geti ni lilelile wamelipaka rangi.

---

Mama Zuhura

Mwanangu usiwe mkali hivyo. Maji ni ya mto mmoja na ziwa tunaliona limeshuka sana, ukipita bwawani ile mistari myeupe kwenye mwamba inaonesha maji yalipokuwa. Vegas wamejenga kama vile mto utajaa tena kesho. Hawa wamejizuia. Mimi naona walikuwa na akili.

Ila hilo la bei ni kweli. Ningependa kuhamia pale, siwezi. Wasichana ninaofanya nao kazi pale hakuna hata mmoja anayelala pale, wote tunatoka Henderson na Vegas asubuhi tunarudi jioni.

---

kijana_wa_Nakuru

Mama si umesikia ulichosema mwenyewe. Kwenda asubuhi, kurudi jioni.

---

Mama Zuhura

Nimesikia mwanangu. Niliandika ndo nikasikia.

---

MzeeWaRamani

Mimi nitakaa katikati, sio kwa uoga. Ukiniuliza kama mpangaji miji, kanuni ya nyumba 120 ni ya kibinadamu kuliko watu wengi wanavyodhani, ilitoka kwa watu waliokaa miaka 29 wakiamuliwa kila kitu, wakapata nafasi ya kuamua kitu kimoja, wakaamua mji usibadilike. Lakini kijana ana hoja kwamba aliyechora upepeo 1930 alichora pia nani akae karibu na kishikio na nani akae pembeni, na mchoro wa barabara hauufuti kwa kura. Wale wa nje ya geti hawakupiga kura 1959 kwa sababu hawakuwa wakazi, na hawakuwa wakazi kwa sababu ya geti.

---

chatu_wa_mtera

Sasa mimi nauliza swali la kijinga. Ni kweli kuna watu wamezikwa ndani ya zege la hilo bwawa? Babu yangu alikuwa anasema.

---

fundi_sola_LV

Hapana, hiyo ni hadithi ya waongoza watalii. Zege lilimwagwa vipande vipande, kila mwago ni inchi chache tu, mtu hawezi kuzama. Waliokufa kazini wanaorodheshwa 96 rasmi, na hiyo haihesabu waliokufa kwa joto pale Ragtown wala wake zao.

---

Dereva_wa_Mojave

Wakuu asanteni, nimejifunza kuliko nilivyotegemea. Jana nimepita tena nikashuka makusudi. Nimepanda mpaka kwenye lile jengo kilimani, nikageuka nikatazama chini, kweli bwana ni upepeo, unaona barabara zote. Unasimama pale alipokuwa anasimama bosi, unaelewa kila alichoandika Mzee bila kuambiwa tena.

Alafu nikaenda ile bustani inayotazama ziwa nikakuta kondoo wa milimani wenye mapembe makubwa yaliyojikunja, kama kumi na tano, wameshuka kutoka mlimani wanakula nyasi katikati ya watoto wanaobembea na hakuna anayeshangaa. Nikamuuliza mzee mmoja hawa ni wa nani, akasema hawa ni wa mlimani wanakuja kwa ajili ya nyasi. Nikamwambia hao bila pasi wanaingia, hakunielewa.

Yule mama wa mezani nilimkuta. Nikamwambia nimeuliza watu wangu, uhuru wenu ni kweli. Akaniuliza watu wako wamesemaje, nikamwambia wamebishana. Akasema hata sisi.

---

Mama Zuhura

Hao kondoo nilisahau kuwaambia. Wanakuja sana kiangazi, kule juu kukikauka. Usiwape chakula, kuna faini.

Na Dereva, Alhamisi kama unapita njia ya huku niandikie kabla ya saa nne, kuna wali wa nazi na samaki. Trela liache pale Railroad Pass nitakuja kukuchukua, mtaani kwetu halikati kona.